Mchokozi na Mwigaji: Mchezo Unaoamua Kama Mashine Moja Inaweza Kuifuata Nyingine

Kila mfumo unapobadilishwa, iwe menyu ya kutuma pesa kwa simu, mashine ya tiketi au programu ya kulipia ada, tangazo huja na maneno yaleyale: "Mfumo mpya unafanya kila kitu kilichofanywa na ule wa zamani." Haipiti wiki, mabishano yanaanza. Mteja anasema kuna jambo limepotea. Wakala anabonyeza namba mbili tatu na kumwonyesha kwamba lipo. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana maana yake ya "kufanya kila kitu".

Swali hili lina fani yake. Katika nadharia ya sayansi ya kompyuta huulizwa hivi: tukiwa na mashine mbili, A na B, tutajuaje kwamba B inaweza yote yanayowezwa na A? Mojawapo ya majibu yanayotumika sana ni mchezo wa wachezaji wawili, na ndio nitakaoueleza hapa. Hauna uhusiano na kamari wala na michezo ya kwenye skrini. Na nikisema uigaji, sizungumzii kompyuta inayobashiri mvua au njia ya kimbunga. Nazungumzia mashine moja kufuata hatua za nyingine, unyayo kwa unyayo.

Mashine yenye hali chache

Mashine tunazolinganisha huitwa otomata. Otomata ina hali, yaani mahali inapoweza kuwa kwa wakati fulani, na idadi ya hali hizo ina kikomo. Ina mipito, yaani njia za kutoka hali moja kwenda nyingine, kila njia ikiwa na herufi yake. Ina hali moja ya kuanzia, na baadhi ya hali zimetiwa alama ya kukubali: ukiishia hapo, safari yako imepokelewa.

Menyu ya kutuma pesa ni otomata unayotembea nayo mfukoni. Kila skrini ni hali, na kila kitufe unachobonyeza ni herufi. Ukibonyeza 1 unaingia skrini ya kutuma, ukibonyeza 2 unaingia ya kutoa, na ukikosea namba ya siri mara kadhaa unaangukia kwenye hali isiyo na njia ya kutokea mpaka uwapigie huduma kwa wateja. Mfululizo wa vitufe ulivyobonyeza tangu mwanzo huitwa neno. Maneno yote yanayokubaliwa, yakiwekwa pamoja, ndiyo lugha ya otomata hiyo. Hali zinaweza kuwa kumi tu na bado maneno yakawa hayahesabiki, kwa sababu mtumiaji anaweza kurudi nyuma na kuzunguka apendavyo.

Ndiyo maana ushauri wa "ijaribuni yote muone" haufiki mbali. Simu yenye vitufe 10 vya tarakimu ina mifululizo 100,000,000 ya urefu wa nane. Ukiimaliza yote, inakungoja ya urefu wa tisa, ambayo ni mara kumi ya hiyo. Kujaribu kunaweza kukuonyesha kasoro, lakini hakuwezi kukuhakikishia kwamba hakuna iliyobaki.

Wazo la kuandika tabia ya mashine kama lugha liliwekewa msingi na Stephen Kleene katika kazi iliyochapishwa mwaka 1956. Miaka mitatu baadaye Michael Rabin na Dana Scott waliongeza jambo lililowaletea Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 1976: hiari. Katika otomata yenye hiari, hali moja inaweza kuwa na njia mbili au tatu za herufi ileile. Neno linakubaliwa iwapo ipo njia angalau moja inayoishia kwenye hali ya kukubali, hata kama njia nyingine zote zinaishia ukutani.

Wengi hulielewa jambo hili vibaya wanapokutana nalo mara ya kwanza. Hudhani mashine inarusha shilingi na kuomba bahati. Hapana, hakuna uwezekano wa asilimia hamsini hapa. Swali ni moja tu: njia nzuri ipo au haipo? Hiari hutumika kwa sababu inafupisha mno maelezo, na pia kwa sababu mifumo ya kweli ina mambo ambayo mchoraji hayajui kwa undani: ujumbe utafika kwanza au utachelewa, seva hii itajibu au ile. Badala ya kuandika sababu zote, anachora njia zote mbili na kuendelea.

Rabin na Scott walithibitisha kwamba hiari haiongezi uwezo. Kila otomata yenye hiari ina mwenzake asiye na hiari anayekubali lugha ileile. Tatizo ni bei. Otomata yenye hali n inaweza kumhitaji mwenzake awe na hali zinazofikia 2 kwa kipeo cha n, yaani zao la mbili zilizoandikwa mara n, na hilo si tishio la kwenye karatasi tu. Chukua maneno ya herufi a na b ambayo herufi ya kumi kutoka mwisho ni a. Yenye hiari inayatambua kwa hali 11: inakisia "hii ndiyo ya kumi kutoka mwisho", kisha inahesabu. Isiyo na hiari lazima ikumbuke herufi kumi za mwisho wakati wote, na hapo inahitaji hali 1,024. Badili kumi iwe thelathini: hali 31 upande mmoja, zaidi ya bilioni moja upande wa pili.

Swali letu sasa linaweza kusemwa sawasawa. Je, kila neno linalokubaliwa na A linakubaliwa pia na B? Njia ya moja kwa moja ni kuiondolea B hiari kwanza, yaani kuikabili bilioni ile. Mwaka 1972 Albert Meyer na Larry Stockmeyer walionyesha kwamba ugumu huu hautokani na uvivu wa kutafuta: kulinganisha lugha za otomata zenye hiari kumo katika kundi la matatizo ambayo hakuna aliyewahi kuyapatia njia ya haraka, na wataalamu wengi wanaamini njia hiyo haipo.

Kete mbili

Mchezo unaingia hapo. Chora otomata A upande wa kushoto, B upande wa kulia. Weka kete moja kwenye hali ya kuanzia ya kila upande. Mchezaji wa kwanza, nitamwita Mchokozi, anashika kete ya A. Wa pili, Mwigaji, anashika kete ya B.

Kila raundi Mchokozi anachagua njia yoyote inayotoka pale alipo, anasogeza kete yake na kutaja herufi ya njia hiyo. Mwigaji lazima naye asogeze kwa njia yenye herufi ileile. Akikosa njia, ameshindwa. Mchokozi akiwa kwenye hali ya kukubali na Mwigaji akawa kwenye isiyo ya kukubali, Mwigaji ameshindwa pia. Mchokozi mwenyewe akiishiwa na njia, ushindi ni wa Mwigaji. Na mchezo usipoisha kamwe, ushindi ni wa Mwigaji vilevile, maana hakunaswa.

Matokeo ya mechi moja hayatuhusu. Mtu anaweza kushinda kwa uzembe wa mwenzake. Tunachouliza ni kama Mwigaji ana mbinu ya uhakika, jibu lililo tayari kwa kila uchokozi unaowezekana. Akiwa nayo, tunasema B inaiga A. Mchezo huu hauna sare wala bahati: popote kete zilipo, mmoja kati ya wawili hao ana mbinu isiyoshindika. Tena mbinu hiyo haihitaji kumbukumbu. Mwigaji haangalii kete zilipitia wapi. Inatosha ajue ziko wapi sasa na Mchokozi amecheza nini.

Kwa nini ushindi wake unajibu swali letu la lugha? Chukua neno lolote linalokubaliwa na A, na Mchokozi alicheze herufi kwa herufi hadi kwenye hali ya kukubali. Mwigaji anamfuata kwa mbinu yake, na kwa kuwa hashindwi, naye lazima awe ametua kwenye hali ya kukubali. Basi B imelikubali neno lilelile. Uthibitisho wote ni huo. Haukuhesabu maneno, haukugusa bilioni yoyote.

Wazo la uigaji wa namna hii liliwasilishwa na Robin Milner mwaka 1971, akitafuta namna ya kuonyesha kwamba programu moja inatenda kazi ya nyingine hata kama zimeandikwa tofauti kabisa. Milner alikuja kupata Tuzo ya Turing mwaka 1991. Lugha ya wachezaji na kete ilikuja kuenea baadaye, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoufanya uigaji uwe kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukijaribu kwa mkono kabla ya kukisoma kwa alama.

Lugha moja, mchezo unakataa

Vitabu vya fani hii hupenda kutumia mashine ya kuuza chai na kahawa. Mimi nitabaki na menyu yetu.

Menyu A: unaweka namba ya siri, unafika kwenye skrini moja yenye vitufe viwili, Tuma na Toa. Menyu B: unaweka namba ya siri, na mfumo unakupeleka kwenye mojawapo ya skrini mbili. Ya kwanza ina kitufe cha Tuma peke yake. Ya pili ina Toa peke yake. Hujaulizwa unataka ipi.

Andika lugha za menyu hizi. A ina maneno mawili: siri kisha Tuma, siri kisha Toa. B ina maneno mawili: siri kisha Tuma, siri kisha Toa. Hazitofautiani hata kwa nukta. Msimamizi wa mradi akiletewa orodha hizo mbili atatia saini na kwenda nyumbani.

Sasa cheza. Mchokozi, kwenye A, anaweka namba ya siri. Mwigaji, kwenye B, naye anaweka namba ya siri, lakini lazima achague skrini papo hapo. Akienda kwenye ya Tuma, Mchokozi anabonyeza Toa. Akienda kwenye ya Toa, Mchokozi anabonyeza Tuma. Kwa vyovyote ameshindwa. B haiigi A. Ukigeuza, Mwigaji akashika A na Mchokozi akashika B, Mwigaji anashinda kwa urahisi, kwa sababu skrini yake ina vitufe vyote viwili na hajalazimika kujifunga mapema.

Hapa ndipo yule mteja na yule wakala wanapopishana. Wakala anahesabu maneno: huduma ya kutoa ipo, tazama, hii hapa. Mteja amesimama kwenye skrini yenye Tuma pekee. Orodha ya maneno haionyeshi nani alifanya uchaguzi wala ulifanyika lini. Mchezo unaonyesha, kwa kuwa unamlazimisha Mwigaji kuamua kabla hajajua Mchokozi atafanya nini baadaye.

Kwa hiyo kuna kanuni moja ambayo ukiisahau utaupotosha mchezo huu. Mwigaji akishinda, umepata uthibitisho kwamba kila neno la A limo ndani ya B. Mwigaji akishindwa, hujathibitisha kinyume chake. Nimewahi kusikia watu wakisema "uigaji umefeli, basi mfumo mpya una upungufu". Pengine una upungufu, pengine hauna. Mchezo peke yake haujasema. Je, basi mchezo ni mkali kupita kiasi? Inategemea unauliza nini. Ukiwa unajali maneno tu, ndiyo, umekuwa mkali. Ukiwa unajali mtu aliyeshika simu, mimi naona orodha ndiyo iliyolegea.

Kuna hali moja ambayo mvutano huo hautokei. B ikiwa haina hiari, na A ikiwa imeondolewa hali zisizoweza kufika kwenye kukubali, mchezo na lugha hutoa jibu moja. Mwigaji hana la kuchagua, hivyo hawezi kuchagua vibaya.

Kufuta jozi

Kompyuta haichezi mechi hata moja. Inafanya kazi ya ukarani. Inaandika jozi zote zinazowezekana, hali moja ya A pamoja na hali moja ya B. Inafuta kila jozi ambayo upande wa A unakubali na wa B haukubali, maana hapo Mwigaji ameshashindwa. Kisha inapitia zilizobaki: ikiwa kuna hatua ya Mchokozi ambayo majibu yote ya Mwigaji yanaangukia kwenye jozi zilizofutwa, au hakuna jibu kabisa, jozi hiyo nayo inafutwa. Inarudia mpaka kufuta kukome. Jozi zilizosalia ndizo za ushindi wa Mwigaji. Ikiwa jozi ya kuanzia imo, B inaiga A.

Otomata mbili za hali 30 zina jozi 900. Kila mzunguko unafuta angalau jozi moja au unakoma, kwa hiyo mizunguko haiwezi kupita 900. Ilinganishe na bilioni ya kuondoa hiari. Mwaka 1995 Monika Henzinger, Thomas Henzinger na Peter Kopke waliboresha utaratibu huu ili muda wake ukue kwa kadiri ya idadi ya hali zidisha idadi ya mipito.

Wanaohakiki mifumo huupenda kwa sababu hiyo. Huchora mfumo wenyewe kama A na masharti yake kama B: nini kinaruhusiwa, kwa mpangilio gani. Mwigaji anayeshika masharti akishinda, mfumo hauwezi kamwe kufanya jambo lisiloruhusiwa, hata baada ya hatua milioni ambazo hakuna aliyezijaribu.

Nitaje kosa jingine, maana hata wenye shahada huliangukia. Ikiwa A inaiga B na B inaiga A, je, zimelingana? Si lazima. Tazama menyu mbili. Katika C, ukiweka namba ya siri unafika kwenye skrini yenye Tuma. Katika D, ukiweka namba ya siri unaweza kufika kwenye skrini yenye Tuma au kwenye skrini iliyoganda, haina kitufe chochote. C inaiga D: Mchokozi akienda kwenye skrini iliyoganda hana pa kwenda tena, ameshindwa. D inaiga C: Mwigaji anachagua tu skrini yenye Tuma. Kila moja inaiga mwenzake, lakini moja kati yao huganda na nyingine haigandi.

Anayenasa tofauti hiyo ni Mchokozi mwenye ruhusa ya kubadilisha upande katikati ya mchezo. Anaanza kwenye D, anaingia skrini iliyoganda. Mwigaji kwenye C anaingia skrini ya Tuma, hana nyingine. Sasa Mchokozi anahamia C na kubonyeza Tuma, na Mwigaji amebaki na skrini iliyoganda. Uigaji huu wa pande mbili uliwekwa wazi na David Park mwaka 1981, na ndio hutumika pale mtu anapotaka kusema mifumo miwili haitofautiki kwa mtumiaji.

Mashine zisizozimwa

Hadi hapa kila neno lilikuwa na mwisho. Lakini taa za barabarani, mtambo wa simu na programu inayoendesha kompyuta hazikusudiwi kumaliza kazi. Zinakusudiwa kuendelea. Kwa mashine kama hizo kuna otomata za Büchi, zilizopewa jina la mwanahisabati wa Uswisi J. Richard Büchi, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1962. Neno lake halina mwisho, na linakubaliwa iwapo ipo safari inayopita kwenye hali ya kukubali tena na tena bila kukoma.

Kulinganisha lugha hapa ni kazi nzito zaidi. Njia ya kawaida ni kutengeneza kinyume cha B, yaani otomata inayokubali yote yanayokataliwa na B, kisha kuangalia kama A ina neno lolote ndani yake. Mwaka 1988 Max Michel alionyesha kwamba kuna otomata za hali 11 hivi ambazo kinyume chake lazima kiwe na hali zisizopungua 3,628,800, yaani zao la namba zote kuanzia 1 hadi 10. Mchezo unakuwa wa thamani zaidi, ila sharti la ushindi linahitaji kufikiriwa upya: Mwigaji afanye nini Mchokozi anapopita kwenye hali ya kukubali?

Fikiria deni. Kila Mchokozi anapogusa hali ya kukubali, Mwigaji anadaiwa mguso mmoja. Katika mchezo wa kwanza, uliotumiwa na David Dill, Alan Hu na Howard Wong-Toi mwaka 1991, malipo ni taslimu: gusa sasa hivi au umeshindwa. Katika mchezo wa pili Mwigaji anakopeshwa. Anaweza kulipa baada ya hatua tano au elfu tano, lakini deni lazima lilipwe siku moja. Kousha Etessami, Thomas Wilke na Rebecca Schuller waliueleza mwaka 2001. Mchezo wa tatu, wa Thomas Henzinger, Orna Kupferman na Sriram Rajamani, wa mwaka 1997, ndio wenye huruma kuliko yote. Mchokozi akigusa bila kukoma, Mwigaji naye aguse bila kukoma. Lakini Mchokozi akiacha kugusa, madeni yote yaliyobaki yanasamehewa.

Yote mitatu ni salama kwa swali la lugha: Mwigaji akishinda wowote, kila neno la A limo ndani ya B. Mtu angesema basi tuchague ule wa msamaha tu, kwa kuwa unampa Mwigaji nafasi kubwa zaidi. Lakini uigaji una kazi ya pili, nayo ni kupunguza ukubwa. Hali mbili za otomata moja zinazoigana huunganishwa ziwe moja, na otomata inakuwa ndogo. Kwenye kazi hiyo mchezo wa msamaha unaharibu.

Mfano wake ni mdogo kiasi cha kuchekesha. Otomata yenye hali mbili na herufi moja, a. Hali ya kwanza ni ya kukubali, na kwa a inakwenda ya pili. Ya pili si ya kukubali, na kwa a inajirudia yenyewe milele. Otomata hii haikubali neno lolote, kwa kuwa hali ya kukubali inaguswa mara moja tu na kuachwa. Kwa kanuni ya msamaha hali hizi mbili zinaigana: Mchokozi hawezi kugusa bila kukoma, hivyo madeni yote yanafutwa. Ziunganishe. Unapata hali moja, ya kukubali, inayojirudia kwa a. Sasa inakubali a isiyo na mwisho. Kutoka lugha tupu umepata lugha yenye neno, kwa kitendo kilichotakiwa kuwa cha usafi tu.

Mchezo wa mkopo haukubali udanganyifu huo. Mchokozi akianzia kwenye hali ya kwanza na Mwigaji kwenye ya pili, deni linaanza hapo hapo na halilipwi kamwe. Hali hizo haziunganishwi. Kwa sababu hiyo ndio unaotumika kupunguza otomata za Büchi: una nafasi zaidi ya ule wa taslimu na bado haubadilishi lugha.

Kumsaidia Mwigaji

Tulisema Mwigaji anaweza kushindwa hata pale lugha zinapokubaliana. Je, tunaweza kulipunguza pengo hilo bila kurudi kwenye bilioni?

Mwaka 2002 Etessami alipendekeza kumpa Mwigaji kete zaidi ya moja. Rudi kwenye menyu A na B. Mchokozi anaweka namba ya siri. Mwigaji mwenye kete mbili anaweka moja kwenye skrini ya Tuma na nyingine kwenye skrini ya Toa. Mchokozi akibonyeza chochote, kete moja inafuata na nyingine inaachwa. Mwigaji ameshinda. Kila kete unayoongeza inasogeza mchezo karibu na swali la lugha, na ukimpa kete nyingi kama hali za B, kwa maneno yenye mwisho, umefika kwenye swali lenyewe. Gharama nayo inapanda. Kwa otomata za hali 30, kete moja ina mipangilio 900, kete mbili zinafikia 27,000, na tatu zinafikia 810,000. Baada ya hapo faida inaanza kuyeyuka.

Njia nyingine ni kumnyima Mchokozi siri. Anatakiwa atangaze hatua zake mbili, tatu au zaidi kabla Mwigaji hajajibu. Kwenye menyu zetu hatua mbili zinatosha: Mchokozi akitangaza "siri, kisha Toa", Mwigaji anajua skrini ya kwenda. Lorenzo Clemente na Richard Mayr walitumia wazo hili mwaka 2013 kupunguza otomata kubwa ambazo uigaji wa kawaida ulikuwa umeshindwa kuzigusa. Uzuri wake ni kwamba Mwigaji bado ana kete moja, na si lazima ajibu tangazo zima: anajibu hatua kadhaa za mwanzo kadiri anavyoona inafaa, na zile ambazo hakuzijibu Mchokozi yuko huru kuzibadilisha.

Anayehakiki mfumo kwa hiyo huanza na mchezo wa bei nafuu, kete moja bila tangazo, ambao kompyuta ya kawaida inaumaliza upesi. Mwigaji akishinda, kazi imekwisha. Akishindwa, anaongezewa kuona mbele hatua mbili, kisha tatu, au kete ya pili. Akiendelea kushindwa hata hivyo, ndipo inapofaa kugharimia ulinganisho kamili wa lugha, na wakati huo otomata zenyewe huwa zimeshapunguzwa kwa mchezo uleule.